Modyuleta za sigma-delta za wakati mfululizo na eliasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaojua tayari kwamba sigma-delta (njia ya kugeuza ishara ya analojia kuwa ya kidijitali) ni kitanzi cha mrejesho chenye kichujio, kwantaiza (inayokadiria ishara kwa ngazi chache za namba) na DAC (inayozigeuza namba hizo kuwa analojia tena), lakini wamekutana na karatasi ya data inayodai kwamba kichujio cha kuzuia eliasi (masafa ya juu yanayojifanya ya chini baada ya kuchukuliwa sampuli) hakihitajiki, na wanataka kujua dai hilo lina ukweli kiasi gani. Mifano yote inatumia modyuleta moja ya sauti: saa ya 6.144 MHz na bendi ya 0 hadi 24 kHz, yaani sampuli za ziada mara 128 (mara 128 ya kasi ya chini kabisa inayohitajika kwa bendi hiyo).

Tukumbushane kwanza: eliasi inatoka wapi?

Ukichukua sampuli za ishara kwa kasi fs, wimbi la masafa f na wimbi la masafa fs + f hutoa namba zilezile, moja baada ya nyingine. Katika mfano wetu, wimbi la 6.164 MHz linalovuja kutoka saketi ya jirani halitofautiani na sauti ya 20 kHz pindi sampuli zikishachukuliwa. Hakuna hesabu ya kidijitali itakayoyatenganisha baadaye, kwa sababu habari ya kuyatofautisha haipo tena. Ni vivyo hivyo kwa fs − f, 2fs + f na kuendelea. Ndiyo maana desturi ni kuweka kichujio cha analojia mbele ya swichi ya sampuli.

Kwa nini basi modyuleta ya wakati mfululizo inasemekana ina kinga ya asili?

Kwa sababu ya mahali swichi hiyo ilipo. Kwenye modyuleta ya kapasita za swichi (inayohamisha chaji kwa swichi zinazofuata saa), sampuli huchukuliwa mlangoni, kabla ishara haijapita popote. Kwenye ile ya wakati mfululizo, ishara hupita kwanza katika integreta zote (saketi zinazoilimbikiza ishara kadiri muda unavyokwenda), ambazo ni rezista, kapasita na opampu (vikuza ishara) tupu, na sampuli huchukuliwa mwishoni, kwenye mlango wa kwantaiza.

Wengi huishia hapo: integreta hupunguza masafa ya juu, kwa hiyo zinachuja, kwa hiyo tuko salama. Hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo. Integreta moja ikiwa na mgawo wa kawaida hulipunguza wimbi la karibu na fs kwa takribani mara 6 tu, yaani 16 dB. Hakuna mtu angeita hicho kichujio cha kuzuia eliasi. Kazi kubwa inafanywa na kitanzi.

Kwa hiyo eliasi haitokei kabisa?

Inatokea, ila inatokea mahali pazuri. Wimbi la 6.164 MHz hufika kwenye kwantaiza likiwa limedhoofika kidogo, na hapo linakunjwa kuwa 20 kHz kama lingekunjwa kwingine kokote. Lakini mlango huohuo ndipo kelele ya kwantaiza inapoingilia, na kitanzi hakina namna ya kujua kwamba hii ni kelele na ile ni eliasi. Kinachokiona ni kosa la 20 kHz ambalo halikuombwa. Hulirudisha kupitia DAC hadi mlango wa kwanza na kulikandamiza kwa nguvu ileile inayoikandamiza kelele ndani ya bendi.

Hili ndilo la kushika kuliko mengine yote. Kinga ipo mradi ukunjaji unafanyika kwenye kwantaiza, na si mahali pengine. Kitu chochote kinachochukua sampuli mapema zaidi, hata kama hakikukusudiwa kufanya hivyo, huikunja ishara mahali ambapo kitanzi hakiwezi kuisahihisha, kwa sababu kwa macho ya kitanzi hiyo sasa ni ishara halali. Maswali mengi yanayofuata ni sura mbalimbali za jambo hili moja.

Hesabu yake inakwendaje?

Tenganisha vitu viwili. L0 ni mwitikio wa analojia kutoka ingizo hadi mlango wa kwantaiza. NTF (mwitikio wa kelele) ni jinsi kitanzi kinavyolipitisha hadi kwenye tokeo kosa lililoingia kwenye kwantaiza. Mwitikio wa ishara, STF, ni zao la hivyo viwili:

STF(f) = L0(f) × NTF(f)

NTF ni ya kidijitali, kwa hiyo hujirudia kila baada ya fs. Ikiwa ina sifuri (masafa ambayo haipitishi kitu) kwenye 0 Hz, ina sifuri pia kwenye fs, 2fs, 3fs na kuendelea. L0 ni ya analojia na haijirudii. Ina kilele kisicho na kikomo kwenye 0 Hz tu, na huko kilele hicho hufutana na sifuri ya NTF, kwa hiyo ishara ya bendi inapita bila kuguswa. Kwenye fs hakuna kilele cha kuifuta sifuri, hivyo sifuri hubaki. Mashimo ya STF hujichimba yenyewe palepale hatari ilipo, na yanafuata saa popote inapokwenda.

Kwa daraja la kwanza (daraja ni idadi ya integreta) jibu ni safi kabisa. Integreta moja na NTF ya 1 − z⁻¹ (z⁻¹ ni ucheleweshaji wa kipindi kimoja cha saa) hutoa STF yenye umbo la sin(πf/fs) ÷ (πf/fs). Kwa maneno mengine, modyuleta hiyo ni sawa na kupima wastani wa ishara kwa kipindi kizima cha saa kabla ya kuchukua sampuli.

Ukitaka kujua eliasi inapunguzwa kiasi gani, linganisha STF kwenye masafa f na STF kwenye fs + f. NTF ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo inajitoa kwenye hesabu, na kinachobaki ni uwiano wa L0 peke yake. Kama L0 ni integreta N mfululizo, uwiano huo ni ((fs + f)/f) kwa kipeo cha N. Chukua 6.164 MHz na 20 kHz: 308 kwa kila daraja, karibu 50 dB. Volti 1 ya uchafu kwenye 6.164 MHz hutokea kama milivolti 3.2 za sauti ya 20 kHz kwenye modyuleta ya daraja la kwanza. Daraja la pili hutoa karibu 100 dB, na la tatu karibu 149 dB, ambayo ni namba ya karatasini tu. Hakuna saketi halisi itakayoifikia, na sababu ziko chini.

Je, daraja la tatu daima hutoa kinga ya daraja la tatu?

Hapana, na hapa ndipo wasanifu wengi wanapokosea kusoma matokeo ya wenzao. Inategemea kitanzi kimefungwaje.

Kwenye muundo wa mrejesho uliogawanywa, ambapo DAC hupeleka mkondo kwenye kila integreta na ishara huingia kwenye ya kwanza tu, ishara hiyo lazima ipite integreta zote tatu. L0 hushuka kwa kipeo cha tatu. Kwenye ukingo wa bendi yetu, tukilinganisha 24 kHz na 6.12 MHz, hiyo ni karibu 144 dB.

Kwenye muundo wa kupeleka mbele, mrejesho unarudi kwenye integreta ya kwanza tu, na matokeo ya integreta zote hujumlishwa kabla ya kwantaiza. Wasanifu wanaupenda kwa sababu unahitaji DAC moja kuu na integreta za nyuma hazihitaji kuwa na nguvu. Lakini sasa wimbi la karibu na fs lina njia ya mkato: integreta ya kwanza, kisha moja kwa moja kwenye kwantaiza. Huko juu L0 inashuka kwa daraja moja tu. Ukiichukua NTF ya (1 − z⁻¹) kwa kipeo cha tatu, kinga kwenye ukingo inashuka kutoka 144 dB hadi takribani 107 dB. Modyuleta za biti moja hulazimika kutumia NTF tulivu zaidi ili zisiyumbe, na hizo hushusha namba hiyo zaidi, hadi chini ya 90 dB.

Kuna hatua ya tatu. Baadhi ya miundo huongeza njia ya moja kwa moja kutoka ingizo hadi kwantaiza ili integreta zisibebe ishara kubwa. Kwa upotoshaji ni ujanja mzuri. Kwa eliasi, unakuwa umeitupa nje L0 na kubaki na NTF peke yake: karibu 97 dB kwenye ukingo kwa mfano uleule wa NTF kali, na kadiri sampuli za ziada zinavyokuwa chache ndivyo hasara inavyouma. Mimi nisingeiweka njia hiyo kwenye kifaa kitakachokaa karibu na redio au kibadilishi cha umeme chenye swichi.

Masafa yaliyo kati ya 24 kHz na fs/2 yanazuiwa na nani?

Hayahitaji kuzuiwa na modyuleta. Wimbi la 500 kHz hutoka likiwa bado ni 500 kHz, na kichujio cha kidijitali cha kupunguza kasi ya sampuli hulikata. Hata wimbi la 5 MHz, ambalo liko juu ya fs/2, hujikunja kuwa 1.144 MHz, ambayo bado iko mbali na bendi, na linakatwa vilevile. Hatari ya kweli imo katika vipande vyembamba tu vya 24 kHz kila upande wa fs na vizidisho vyake.

Mashimo ya kichujio hicho cha kidijitali ni habari nyingine. Kikipunguza kasi kwa awamu, kila awamu ina mikunjo yake, na kichujio kibaya hapo kitaharibu kila kitu ambacho modyuleta imekilinda. Ukiona eliasi kwenye tokeo, usiilaumu modyuleta kabla ya kuangalia huko.

Kama kinga ni nzuri hivi, kwa nini modyuleta za kapasita za swichi zilitawala kwa muda mrefu?

Wakati mfululizo ndio uliotangulia. Makala ya Inose, Yasuda na Murakami ya mwaka 1962 kutoka Japani ilieleza kitanzi chenye integreta ya analojia. Miaka ya 1980 ikaja na CMOS, teknolojia ya kutengeneza chipu, ambayo inatengeneza uwiano wa kapasita kwa usahihi mkubwa lakini thamani halisi za rezista na kapasita kwa usahihi duni. Kapasita za swichi zinategemea uwiano, tena zinafuata saa zenyewe: badilisha fs na kichujio kinabadilika nayo. Wakati mfululizo hauna anasa hiyo.

Basi thamani za RC zikikosea kwa asilimia 20, kinga inapotea?

Hapana. Mashimo yanatokana na sifuri za NTF, na sifuri hizo zipo kwa sababu integreta zina ukuzaji mkubwa kwenye masafa ya chini, si kwa sababu RC ni sahihi. Kitakachoteseka ni uthabiti wa kitanzi na kiwango cha kelele, na kwa hayo unahitaji saketi ya kurekebisha RC kwa vyovyote vile. Kinachoweza kujaza mashimo ni ukuzaji mdogo wa opampu kwenye DC: integreta inayovuja husogeza sifuri ya NTF ndani kidogo, na shimo halifiki chini.

Na ucheleweshaji ndani ya kitanzi?

Ukiufidia ipasavyo kwa njia fupi inayoizunguka kwantaiza, sifuri za NTF hazisogei na kinga haiguswi.

Nimezitawanya sifuri za NTF ndani ya bendi ili kupunguza kelele. Mashimo yanakwenda wapi?

Yanazifuata. Kwa daraja la tatu, mahali bora pa sifuri mbili ni karibu 0.775 ya ukingo, yaani 18.6 kHz kwetu, kwa hiyo mashimo yatakuwa kwenye fs na pia kwenye fs ± 18.6 kHz. Ukingoni kinga inaongezeka kwa takribani 8 dB. Katikati ya bendi inapungua ikilinganishwa na sifuri zilizorundikwa kwenye 0 Hz, lakini katikati kulikuwa na akiba kubwa. Kwa ujumla ni biashara nzuri.

Nimebadilisha DAC ya mkondo nikaweka DAC ya kapasita za swichi, na kinga imeanguka. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalokuja mara nyingi kuliko yote, na sababu yake haionekani kwenye michoro ya vitalu.

DAC ya kapasita ya swichi inapendwa kwa sababu inavumilia mtetemo wa saa (mapigo ya saa kuwahi au kuchelewa kidogo). Nusu moja ya kipindi, kapasita inajazwa na volti ya rejea. Nusu ya pili inaunganishwa na ardhi bandia ya opampu ya kwanza (mlango ambao opampu huushikilia karibu na volti sifuri) na kumwaga chaji yake. Kwenye karatasi ardhi bandia ni volti sifuri, kwa hiyo chaji inayomwagwa ni ileile kila mara.

Sasa weka opampu halisi. Ukuzaji wake kwenye 6 MHz ni mdogo, hivyo wimbi la 6.164 MHz likifika mlangoni, ardhi bandia inatikisika nalo. Kapasita ya DAC imeunganishwa hapo kwa nusu ya kipindi tu. Inapoachana na opampu, inaondoka na chaji inayolingana na mtikisiko wa wakati huo. Hiyo ni swichi ya sampuli, imesimama mlangoni kabisa mwa kitanzi, inafanya kazi kwa kasi ya fs. Eliasi ya 20 kHz inazaliwa mbele ya integreta zote, na kitanzi kinaihifadhi kwa uaminifu kama ishara nyingine yoyote.

Kwa lugha ya hesabu, kichujio kimeacha kuwa kilekile wakati wote. Kinabadilika kwa kufuata saa, na hoja ya L0 mara NTF haisimami tena kama ilivyoandikwa. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuipa opampu ya kwanza nguvu zaidi ili ardhi bandia isitikisike, na hiyo inalipiwa kwa mkondo. Ya pili ni kurudi kwenye DAC ya rezista au ya mkondo isiyorudi sifuri (inayoshikilia thamani yake kipindi kizima), kisha kushughulikia mtetemo wa saa kwa biti nyingi au kwa DAC ya FIR (inayochuja kwa kujumlisha thamani kadhaa zilizocheleweshwa). Mimi huanza na ya pili. DAC ya kurudi sifuri nayo ichunguzwe: kama upinzani wake wa kutoa hubadilika kati ya nusu mbili za kipindi, ugonjwa ni uleule kwa kiwango kidogo.

Kukatakata opampu ya kwanza (kuigeuza polariti mara kwa mara kwa swichi) ili kuondoa kelele ya masafa ya chini kunaathiri?

Ndiyo, kwa njia hiyohiyo. Swichi za kukatakata na kapasita vimelea za mlango wa opampu hukunja vitu vilivyo karibu na mara mbili ya masafa ya kukatakata, na vizidisho vyake, hadi ndani ya bendi. Kwanza utaona kelele ya kwantaiza ikirudi, kwa sababu huko nje ya bendi ni kubwa. Kukatakata kwa fs/2 huhamishia mikunjo kwenye fs, ambako kelele ina shimo. Tatizo la kelele linapungua sana, lakini wimbi la nje lililo karibu na fs sasa limepata mlango. DAC ya FIR yenye sifuri kwenye masafa ya mikunjo husaidia kwa kelele pia, ila haigusi kinachoingia kutoka nje.

Niondoe kabisa kichujio cha mbele?

Ondoa kile cha gharama: cha daraja la tano, chenye vipuri vya usahihi na kinachopinda awamu. Acha RC moja. Hesabu yote hapo juu inadhani opampu ya kwanza ni ya mstari, na wimbi kubwa la mamia ya megahertz likiigusa, opampu hiyo hunyoosha mawimbi na kutoa volti ya DC isiyokuwepo. Hiyo si eliasi, na kitanzi hakiifuti. Muundo wa kupeleka mbele una sababu ya ziada: STF yake huinuka nje ya bendi, na uchafu unaoangukia kwenye kilima hicho unaweza kuizidi kwantaiza uwezo hata kama haukunjwi.

Angalia tu unapoiweka rezista hiyo. Mlango wa modyuleta yenyewe ni rezista inayoingia kwenye ardhi bandia, na ukiongeza ohmu 100 mbele ya kiloohmu 10 umebadilisha ukuzaji kwa karibu asilimia 1. Kama unasanifu chipu mwenyewe, igawe rezista ya mlango mara mbili na kuning'iniza kapasita katikati. Ukuzaji haubadiliki hata kidogo.

Ninaipimaje kwenye meza ya kazi?

Funga jenereta na saa ya modyuleta kwenye rejea moja ya masafa, kisha weka jenereta kwenye fs + Δ na usome tokeo kwenye Δ. Chagua Δ inayoangukia katikati ya pipa moja la FFT (kipande kimoja cha masafa katika uchambuzi wa tokeo). Pima tena kwa wimbi la Δ lenyewe, la ukubwa uleule. Tofauti ya desibeli ndiyo kinga.

Δ isiwe ndogo. Kwa 1 kHz, kila daraja linatoa karibu 76 dB badala ya 50 dB za 20 kHz, kwa sababu uko chini kabisa ya shimo. Karatasi ya data inayotaja kinga bila kutaja Δ haijakuambia kitu. Pima karibu na ukingo, pande zote mbili za fs, halafu rudia kwenye 2fs, ambako kasoro za opampu hujitokeza zaidi.

Kabla ya kuiamini namba, weka kichujio cha kupitisha juu kati ya jenereta na mlango. Jenereta nyingi huvuja kidogo kwenye masafa ya chini, na ukitafuta kitu kilicho 100 dB chini, uvujaji huo unafanana na eliasi. Namba ikibadilika baada ya kuweka kichujio, ulikuwa unaipima jenereta.

Na kwenye simulizi ya kompyuta?

Usiamini modeli ya L0 na NTF peke yake, kwa sababu ndiyo inayodhani kwamba hakuna swichi nyingine. Endesha saketi ya transista ya hatua ya kwanza pamoja na DAC yake, saa ikiwa inafanya kazi, na uingize wimbi la fs + Δ. Kwantaiza inaweza kubaki kielelezo cha kihesabu; eliasi unayoitafuta haizaliwi hapo.